Mgomba Ulioliliwa kwa Jina

Haya yametokea Kawetele, si mbali, na waliokuwepo wengi wao wangali hai. Anayetaka kubisha aende akawaulize.

Ilikuwa Jumatano, jua limetoka kidogo kama linavyotoka huku, kwa masimango. Atuganile aliingia migombani na panga, akachagua mgomba uliokwisha kuzaa, akaukata kwa urefu wa mtu na kumwita Hezron, kijana wa kikundi chao, waubebe. Zilibaki wiki tatu kufika siku ya onyesho. Kikundi hicho cha maigizo kilikuwa kimepata ukumbi mdogo kule Makandana, mjini. Igizo lilikuwa na msiba, na msiba unataka maiti.

Igizo alilitunga mwenyewe. Lilimhusu kikongwe mroho anayemfukuza mkwewe mjane shambani, kisha anakufa, na mkwe anabaki na shamba. Hakuna aliyeuliza ni nani. Jotham, mume wa Atuganile, alikufa mwaka juzi, na mama yake Jotham alikuwa amewaambia wakubwa wa ukoo kwamba shamba lile la migomba na chai lirudi kwake. Kikao kilipangwa Jumatatu baada ya onyesho. Atuganile alitaka wakubwa wale waingie kikaoni wakiwa wameshamcheka yule bibi, tena mbele ya watu wa mjini. Hata jina hakulibadilisha. Kwenye daftari aliandika kwa herufi kubwa: ANYOSISYE.

Mazoezi walifanyia kwenye banda la kupimia chai, alasiri, lori la majani likishaondoka. Wakaulaza mgomba mkekani, wakaufunika blanketi, wanawake wakaanza kulia. Na wanawake wa huku wakilia, wanalia.

"Anyosisye we! Anyosisye, umetuachia nani!"

Walipomaliza, Agness, aliyewazidi wote umri, alifuta uso akauliza, "Tunauzika wapi?"

"Kuzika nini, mama?"

"Huo mgomba. Tumeulilia kwa jina la mtu. Babu yangu Erasto alipopotelea machimboni Chunya, maiti haikuonekana. Tukalilia mgomba, na jua halijazama tukawa tumeuzika. Haulali nje, Atu."

"Kwa hiyo nikate mwingine kila mazoezi? Labda wa baba yako."

Wakacheka. Mgomba ukabaki kwenye kona ya banda, na blanketi lake.

Hezron hana adabu, lakini macho anayo. Siku ile ya kwanza alikuwa ameutundika kwenye mizani ya chai kwa utani, ukasoma kilo ishirini na sita. Wiki ya pili aliutundika tena, kwa sababu ulimuumiza kiuno. Thelathini na tano.

"Mgomba ukikatwa unakauka," alisema. "Huu unanenepa."

"Na wewe unakonda. Beba."

Wiki hiyohiyo Atuganile alikutana na mama mkwe wake bombani. Anyosisye alikuwa mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya kufukuza mbwa. Sasa kitenge kilimzunguka mara mbili na kupwaya. Mikono ilikuwa vijiti.

"Unaumwa, mama?"

"Siumwi. Napungua tu." Alimkazia macho. "Sijui naenda wapi."

Atuganile alijua. Jembe lilikuwa nyumbani, udongo ulikuwa laini kwa mvua, kazi ya nusu saa tu. Angeuzika yakaisha. Lakini aliwaza kikao, akawaza Jumatatu bila yule bibi. Hakuchimba. Aliongeza mazoezi yakawa ya kila siku.

Kilo arobaini na nne. Agness alikunja kanga yake akaondoka. Hakuaga.

Siku mbili kabla ya onyesho ukungu ulishuka mpaka mlangoni mwa banda. Katikati ya kilio, Anyosisye alikuwa amesimama pale. Hakuna aliyemwona akija. Alisikiliza mpaka mwisho, akapiga makofi yasiyo na sauti.

"Ndaga fijo," alishukuru. "Mnanilia vizuri."

Kisha akasogea sikioni kwa Atuganile. Pumzi yake ilinuka majimaji ya mgomba.

"Sasa usiniache nje, mwanangu. Naona baridi."

Jumamosi, saa tisa mchana, ukumbi ulijaa. Mgomba ulibebwa na watu sita. Wakubwa wa ukoo walikaa safu ya pili. Mbele yao, peke yake, Anyosisye, miguu ikining'inia kitini kama ya mtoto.

Watu walicheka walipotakiwa kucheka. Kisha kikaja kilio.

"Anyosisye we!"

Kimya.

"Anyosisye!"

Kimya.

"Anyosisye!"

"Abee."

Ilitoka ndani ya blanketi. Ndogo. Ya heshima.

Wanawake jukwaani walinyamaza. Mmoja alijikojolea. Waliokaa chini hawakusikia kitu, walingoja tu. Igizo lilitaka mkwe amwangukie maiti. Atuganile aliwatazama wakubwa wale. Aliwaza shamba.

Akaangukia.

Blanketi lilikuwa na joto. Kitu kikamshika kiuno, si kwa nguvu, kama mtu anayejivuta ainuke. Kisha giza. Blanketi usoni. Alitaka kupiga kelele. Mdomo haukuwepo.

Kupitia matundu ya blanketi aliona miguu miwili ikishuka ngazi za jukwaa, polepole, kizee. Alivijua viatu. Alivivaa mwenyewe asubuhi ile.

Watu walipiga makofi.

Kikongwe walimkuta amefia kitini, mwepesi hata Jairo, mmoja wa waliobeba mgomba, akamnyanyua kwa mkono mmoja. Walimzika Jumapili. Mgomba Hezron aliubingirisha bondeni nyuma ya ukumbi, hakutaka kuupima tena.

Jumatatu kikao kilikaa. Atuganile hakubishana. Aliwachukua wakubwa mpaka shambani, akawaonyesha masale, ile mimea ya kuwekea mpaka, yaliyofunikwa na magugu, moja moja, bila kukosea. Yalipandwa kabla Jotham hajazaliwa. Wakubwa wakatazamana, wakampa shamba. Yupo pale mpaka leo. Ukimwita Atuganile anachelewa kugeuka. Ukimwita mama Jotham anaitika kabla hujamaliza.

Kule Makandana, mahali ulipolazwa mgomba, saruji ina unyevu usiokauka. Una umbo la mtu aliyelala ubavu, magoti yamekunjwa, kama wazee walivyozikana zamani. Wamepaka rangi mara mbili, inabanduka. Kwaya ikifanya mazoezi inapanga viti kuuzunguka.

Mwezi wa kwanza mikono yote miwili ilikuwa imekunjwa kifuani. Sasa mmoja umenyooka kuelekea mlangoni.