Ujumbe Uliokwenda kwa Marehemu

"Kifungo! Njoo hapa. Shati umeligeuza tena!"

Mama Pindo alikuwa na pini mdomoni, lakini kufoka alifoka vizuri tu. Alikuwa fundi cherehani. Kazi yake kubwa ilikuwa kupunguza suruali na magauni, ndiyo maana watu wakampa jina hilo. Mwanawe alikuwa darasa la kwanza, mfupi, uso wa mviringo. Basi naye akaitwa Kifungo.

Baba Kifungo alikuwa amefariki miezi michache nyuma. Yeye ndiye aliyekuwa akienda kwenye mikutano ya wazazi. Yeye ndiye aliyepokea habari zote. Mama Pindo aliambiwa tu wakati wa kula: shule wamesema hivi, shule wamesema vile. Sasa walikula wawili, kimya, na hakuna aliyesema shule wamesema nini.

Wiki hiyo Kifungo aliugua homa. Hakwenda shule siku kadhaa. Asubuhi aliyopona, mama yake alimshika mkono wakatoka. Walipofika kwenye kona, mama akasimama. Shule ilikuwa pale mbele tu.

"Haya, kimbia baba. Leo nina gauni la bibi harusi, nikichelewa ataolewa bila gauni!"

Kifungo akacheka, akakimbia. Mama Pindo akageuka, akaenda zake kazini. Hakungoja kuona kama mtoto ameingia.

Mchana, bibi muuza mkaa alipita kwenye baraza alikokuwa akishonea. Mjukuu wake alisoma shule ileile, madarasa ya juu.

"Vipi, Kifungo ameshazoea kule?"

"Kule wapi, bibi?"

"Shule ya ng'ambo ya barabara kuu! Si wamehamishwa? Ukuta wa madarasa umepasuka, watoto wote wamepelekwa kule."

"Bibi, usinitanie."

"Nikutanie, kwani nina umri wako? Nilidhani unajua, mwanangu."

Cherehani ikanyamaza. Mama Pindo alitoka mbio, futi ya kupimia ikining'inia shingoni. Kwenye geti la shule alikuta mnyororo na kufuli. Uwanja mtupu. Alichungulia kwenye nafasi ya mabati. "Kifungo!" Kimya. Akageuka kuangalia barabara kuu. Malori yalipita moja nyuma ya jingine. Akaanza kuulizia kila kibanda kando ya barabara.

Alimkuta stendi, kwenye kibanda cha fundi viatu. Mtoto alikuwa amelala juu ya gunia, begi kifuani, machozi yamekauka na vumbi mashavuni.

"Shemeji, huyu ni wako?" fundi viatu aliuliza. "Nilimdaka anataka kuvuka barabara. Nikamuuliza, unakwenda wapi? Akasema anatafuta shule."

Mama Pindo aliitikia kwa kichwa. Alikaa chini palepale, akamkumbatia mwanawe.

Jioni ile mtu alibisha hodi. Alikuwa afisa elimu wa wilaya, mama mmoja wa makamo; habari za mtoto aliyepotea zilikuwa zimemfikia. Hakuja na msafara. Alivua viatu mlangoni, akakaa kwenye mkeka. Bibi muuza mkaa naye alikuwepo, amekuja kumpa pole jirani yake.

"Pole sana, mama," afisa alisema.

"Pole ya nini? Mwanangu angekufa."

"Ni kweli. Angekufa."

Mama Pindo alikuwa amejiandaa kugombana. Badala yake akaketi naye mkekani.

"Tulituma ujumbe kwa wazazi wote," afisa aliendelea, polepole. "Na hapa kwenu tulituma. Kwa namba hii." Akaitaja.

Mama Pindo alinyanyuka. Alifungua kabati, akatoa shati la mwanamume lililokunjwa vizuri. Ndani yake mlikuwa na simu. Aliichomeka kwenye umeme, wakasubiri. Ikawaka. Kisha ikaanza kulia. Ujumbe ukaingia, na mwingine, na mwingine.

"Ndugu mzazi, unaarifiwa kuwa..." Mama Pindo alisoma, akaiweka simu mkekani.

Afisa aliinamisha kichwa. "Kwenye ripoti niliandika wazazi wote wamearifiwa."

"Mmemwarifu marehemu," alisema Mama Pindo.

Kifungo, aliyelala pembeni, aligeuka usingizini.

"Kosa ni letu," afisa alisema mwishowe. "Ujumbe kuondoka ofisini kwangu siyo mzazi kuupata. Na mtoto alipokosa shule, mwalimu alitakiwa akutafute siku ileile. Hakukutafuta."

"Na mimi sikuja shuleni kusema baba yake hayupo." Mama Pindo alilikunja shati upya. "Niliona nikisema, mtamfuta jina."

"Hatumfuti, dada. Jina la baba mtoto linabaki. Tunaongeza namba yako. Na ya mtu wa karibu, ili wewe usipopatikana, apatikane mwingine. Mzazi akibadili namba, akihama, akifiwa, aje atuambie. Mtoto akiugua, ulizeni wakati hayupo kulisemwa nini."

"Haya," bibi alidakia, "na mimi nisiyejua kusoma? Simu ikilia ujumbe nadhani wananiuzia wimbo!"

Afisa alitabasamu kidogo, kisha uso ukarudi kuwa mzito. "Ndiyo maana nataka kila mtaa uwe na mzazi wa kupita nyumba kwa nyumba. Lakini asiseme tu na kuondoka. Aseme, halafu aombe mwenzake arudie alichosikia. Na swali likitoka, aniletee mimi, usiku au mchana."

"Na mikutano yenu ya saa nne asubuhi?" Mama Pindo aliuliza. "Saa hizo nani ameacha kazi?"

"Mnataka lini?"

Mama Pindo alishangaa. Hakuna aliyewahi kuwauliza. "Jumamosi jioni," alisema.

"Itakuwa Jumamosi jioni. Na wa kupita mtaa huu ni nani?"

Mama Pindo alimwangalia mwanawe aliyelala. "Niandike mimi."

Basi ikawa hivyo. Mikutano ikahamia Jumamosi, na watu wakajaa mpaka wengine wakasimama madirishani. Mtoto akikosa shule, mwalimu alipiga simu nyumbani kabla ya mapumziko. Ukuta nao ukajengwa. Siku moja afisa alimpigia Mama Pindo: watoto warudi shule yao Jumatatu.

Alipita kila mlango. Wa mwisho ulikuwa wa bibi.

"Bibi, rudia nilichosema."

"We mtoto, mimi niko chekechea?"

"Rudia tu, bibi yangu."

"Jumatatu wanarudi shule yao. Ukuta umejengwa." Bibi alikung'uta mikono yenye mkaa. "Na choo cha wasichana je? Mjukuu wangu anasema mafundi wamekigeuza stoo."

Mama Pindo hakujua. Alitoa simu palepale, akampigia afisa.

"Nimeambiwa kila kitu kiko tayari," afisa alisema.

"Umeambiwa. Umekiona?"

"Naenda sasa hivi."

Jua lilikuwa linakaribia kuzama afisa alipopiga. "Bibi amesema kweli. Choo kimejaa saruji na mbao, mlango hakuna. Hawarudi Jumatatu. Naomba uwaambie wazazi."

Mama Pindo aliiacha suruali ya mteja kwenye cherehani, akaanza upya na mlango wa kwanza.

"Hodi! Nimekuja na habari nyingine. Nisikilize, halafu urudie."

Choo kilisafishwa, kikawekwa mlango na maji. Bibi mwenyewe alikwenda kukikagua, akaujaribu mlango mara mbili, akatikisa kichwa kukubali. Ndipo siku mpya ikatangazwa, mlango kwa mlango.

Asubuhi ya kurudi, afisa elimu hakwenda kwenye shule iliyokarabatiwa. Alikwenda kusimama ng'ambo, nje ya geti la ile shule ya kuazima, asije akatokea mtoto ambaye nyumbani kwao habari haikufika. Alisimama mpaka kengele ikagongwa. Akangoja tena kidogo.

Aliyepotea njia hakutokea hata mmoja.