Nati za Kushoto

“Matundu mangapi hapo?”

“Matano.”

“Na Mmarekani wetu anataka mangapi?”

“Matano.”

“Sasa tatizo liko wapi, Fundi?”

Fundi alijifuta mikono kwenye ovaroli, akaitazama ile rimu ya mtumba kama vile rimu ndiyo iliyomkosea.

“Matano si matano tu, Sindano. Haya yamebanana. Ya kwenu yameachana. Hayalingani hata kidogo.”

Sindano ndiye mimi. Nashona nguo, na Fundi anadai ulimi wangu unachoma kuliko kazi yangu. Yeye ana kibanda cha matairi mtaa wa pili, na sikumbuki tena ilikuwa mara ya ngapi analeta rimu uani kwetu, anazijaribisha, anatikisa kichwa, anaondoka nazo. Mtu mzima na akili zake.

Mmarekani ni gari la Baba. Refu, pana, samawati iliyopauka, usukani kushoto, na kiti cha mbele ni kimoja, kirefu kama benchi. Injini haina neno, Baba anaiwasha kila wiki. Ila rimu zake zililiwa na kutu mpaka zikatupwa, na tangu hapo Mmarekani amekaa juu ya mawe, chini ya dirisha langu la kushonea.

“Acheni rimu,” Baba aliita kutoka ndani ya gari. “Pandeni. Leo twende mbali.”

Huo ndio mchezo wetu wa kila alasiri. Baba kwenye usukani, mimi katikati, Fundi dirishani. Macho ya Baba yalikuwa yanaingia ukungu taratibu, lakini humo ndani aliona kila kitu.

“Hapa tunavuka daraja. Mnaona maji?”

“Tunayaona, Mzee,” Fundi alijibu.

Bega lake lilikuwa limegusa langu, jua limelala kwenye kioo, mapazia ya dirishani kwangu yanapepea, na mimi, mtu nisiye na ndoto za ovyo, niliyaona hayo maji. Hata mvuvi mmoja nilimwona. Ningeweza kukaa pale mpaka uzee unikute.

“Shika kushoto sasa,” Fundi alimwambia Baba.

“Kushoto kuna mambo yake, kijana,” Baba alisema, akacheka peke yake.

Nilimpenda Fundi. Nasema wazi kwa sababu wakati ule sikusema. Na yeye hakusema. Tulikuwa tunazungumza rimu.

Ijumaa Kaka alipiga simu.

“Kesho nakuja kumchukua Baba.”

“Kumpeleka wapi?”

“Kwangu. Hospitali ya macho iko mbali na hapo, na nyumba haina usafiri. Utambeba mgongoni?”

“Gari lipo, Kaka.”

“Gari? Lile limeota majani! Nimeshaongea na watu wa vyuma chakavu, watalifuata saa nane. Kama lingekuwa linatembea, ningesema baki naye. Linatembea?”

Nikayatazama yale mawe kupitia dirishani.

“Basi mfungashie nguo.”

Nilikwenda kwa Fundi mbio, futi yangu ya kupimia bado inaning’inia shingoni. Kibandani hakuwepo, alikuwa ng’ambo ya barabara anaziba pancha ya lori. Nikakaa kumngoja. Kwenye msumari ukutani niliiona ile patani yangu. Mwanzoni kabisa nilibandika karatasi ya kukatia nguo juu ya bolti za Mmarekani, zikatoboa matundu matano, nikampa Fundi atembee nayo kwenye mitumba. Nikaishusha, nikaishika kama mtu anayeshika picha ya zamani. Kando yangu kulikuwa na kitu kimefunikwa turubai. Ushonaji umenizoesha kugusa kila kitambaa, nikalinyanyua.

Rimu nne, zimesafishwa mpaka zinang’aa. Na matairi mapya juu yake, zile nywele za mpira bado hazijakatika.

Niliweka karatasi juu ya rimu. Matundu matano yakakaa juu ya matundu matano, hayakupishana hata kwa uzi.

“Sindano...”

Alikuwa nyuma yangu.

“Tangu lini?”

“Nisikilize kwanza.”

“Nimekuuliza, tangu lini?”

“Kabla ya mvua.”

“Mvua imenyesha mpaka imechoka, Fundi! Na zile unazoleta uani?”

“Za magari mengine. Nilijua hazitaingia.”

“Kwa nini?”

Aliangalia viatu vyake. “Gari likitembea, mimi nitakuja kwenu kufanya nini?”

Siku nyingine yoyote maneno hayo yangenimaliza. Siku hiyo yaliniwasha moto.

“Baba anapoteza macho! Kila alasiri anaota daraja ambalo angeweza kulivuka kweli! Wewe umekaa na miguu ya gari lake chini ya turubai! Kesho Kaka anamchukua, na Mmarekani anakwenda kukatwakatwa. Umeridhika?”

Uso ulimshuka. “Sikujua. Haki ya Mungu sikujua.”

“Hukuuliza. Kesho asubuhi leta hizo rimu, zifunge, halafu usikanyage tena kwetu.”

Nililia njia nzima, na si kwa ajili ya gari peke yake.

Jumamosi alifika mapema, akiwa na rimu kwenye mkokoteni. Hatukusalimiana. Baba alishajipanga ndani ya gari, amevaa koti lake la safari.

“Mbona kimya hivyo? Kuna msiba?”

“Hakuna, Mzee. Kazi tu.”

Fundi alipiga jeki, akatoa mawe, akavalisha upande wa kulia, akakaza. Akahamia kushoto. Mmarekani wetu ana kichaa chake: nati za kulia hukazwa kama za dunia nzima, za kushoto hukazwa kinyume. Ndivyo walivyolitengeneza. Mtu asiyejua akilazimisha, anakata bolti. Nati zote tulizitunza ndani ya kopo la maziwa chini ya kiti.

Alifunga la mbele kushoto. Akapeleka tairi la mwisho nyuma, akapachika, akaingiza mkono koponi. Akalipindua. Akaangalia chini ya kiti.

“Hazipo,” alisema.

“Nini hakipo?”

“Nati za hili la mwisho.”

“Weka nyingine basi.”

“Za kawaida hazishiki kushoto. Na hizi siku hizi hakuna duka linaloziuza.”

Nikacheka, kicheko kichungu. “Fundi. Hata leo?”

“Naapa safari hii ni kweli.”

“Na jana ungeapa. Nenda kibandani ukanyanyue turubai jingine!”

“Nipekue! Nipekue mifuko, Sindano! Ningezificha leo, siku ambayo...” Aligeuza mifuko yake nje. Macho yalikuwa yamemjaa machozi, na nilitaka kumwamini.

Simu ikalia kwa ujumbe. Kaka:

“Niko njiani. Wale wa vyuma watafika kabla yangu. Hakikisha Baba yuko tayari.”

“Mnagombania nini huko nyuma?” Baba aliita.

“Nati, Baba. Nati za kushoto zimepotea, na watu wa vyuma chakavu wako njiani.”

Nikasikia chuma kikigongana. Baba alikuwa ametoa mkono dirishani, na kiganjani mwake zilikuwa nati tano, zimepakwa grisi vizuri.

“Mnatafuta hizi?”

“Baba!”

“Usinipigie kelele, macho ndiyo mabovu, masikio mazima.”

“Umezitoa wapi?”

“Mfukoni kwangu. Zimekaa humo siku nyingi.”

“Kwa nini uzifiche? Siku zote hizi tunahangaika na rimu!”

Baba alishusha pumzi, akageuza uso upande wangu.

“Gari likitembea, huyu kijana atakuja kwetu kufanya nini?”

Nilimtazama Fundi. Fundi alitazama nati. Yeye na Baba hawakuwahi kupanga pamoja, hilo lilionekana usoni kwake. Alikuwa ameduwaa kuliko mimi.

“Nilikuwa nangoja mmoja wenu aseme,” Baba aliendelea. “Mmenichosha. Matundu yamebanana, matundu yameachana, basi! Nikasema kabla sijaondoka hapa nimwone mwanangu amepata mtu.”

“Na macho yako, Baba? Siku zote hizo?”

“Macho ni yangu, mama. Nimechagua mwenyewe yatazame nini.”

Nilizichukua zile nati, zina joto la mfuko wake, nikampelekea Fundi mwenyewe. Nikachuchumaa kando yake, nikamkabidhi moja moja.

“Bado nina hasira na wewe.”

“Najua.”

“Nyingi.”

“Nitaingoja iishe. Si unajua kungoja nakuweza?”

Karibu nicheke. Nilijizuia.

Mmarekani alishuka kutoka kwenye jeki, akatikisika kidogo, akasimama kwa miguu yake. Baba alisogea dirishani. “Endesha wewe, kijana. Mimi leo natazama.”

Tukatoka getini. Matairi mapya hayakuwa na sauti, tulikuwa kama tumekaa juu ya maji. Maduka yakapita, kamba za nguo zikapita, watoto wakapunga mikono. Nilikuwa katikati, bega kwa bega, na safari hii upepo ulikuwa wa kweli. Daraja lilipotokea, nikafungua mdomo nimwambie Baba.

“Nyamaza,” alisema polepole. “Nayaona.”

Tukavuka mpaka ng’ambo. Machozi yalikuwa yanamtiririka, wala hakuyafuta.

Simu yangu ikaita.

“Niko uani!” Kaka alifoka. “Nimekuta watu wa vyuma wanatazama mawe! Gari liko wapi?”

Baba akaninyang’anya simu. “Nimetoka nalo.”

“Baba? Umetoka? Na nani?”

“Na dada yako. Na mkwe wangu.”

Mmarekani aliyumba. Fundi akaurudisha usukani kwa mikono miwili.

“Hao watu wape maji ya kunywa waende,” Baba alisema. “Na mimi siendi popote. Hospitali nitapelekwa na gari langu.” Akakata simu. “Wewe, simama hapo. Nati za rimu ngeni zikitembea kidogo lazima zikazwe tena. Au mnataka tuangukie njiani?”

Fundi alishuka na spana, nikamfuata. Alizunguka tairi moja moja, mpaka akapiga goti kwenye lile la nyuma kushoto. Akakaza. Hakuinuka.

“Sindano. Sina tena rimu ya kusingizia.”

“Naona.”

“Nataka niwe nakuja kwenu kwa sababu yako. Halafu nataka nisiwe naondoka. Nakupenda. Ningesema kabla ya mvua.”

“Ungesema,” nilijibu, na sauti yangu haikuwa na ncha hata moja. “Na mimi nakupenda, mjinga wewe. Njoo kesho na wazazi wako. Spana uiache nyumbani.”

“Amesema?” Baba aliuliza kutoka dirishani.

“Amesema, Baba!”

“Na wewe?”

“Nimekubali!”

Baba alijinyoosha mpaka kwenye usukani, akapiga honi ndefu. Fundi akacheka, akakaa chini kwenye vumbi, spana bado mkononi.