Uzito wa Dizeli

Jioni ile Koplo Remigius alishuka kukagua tanki kama kawaida yake, kabla giza halijaingia. Lilikuwa tanki la mpira, lile la kukunjwa, la dizeli ya magari ya kambi. Likijaa linatuna kama godoro la chumba kizima. Likiisha linalala bapa chini. Akatazama mishono, akanusa koki, akazunguka tuta la udongo lililolizingira.

Katikati palikuwa na nundu.

Akapanda, akaibonyeza. Ngumu. Alipoondoa mkono... nundu ikasogea.

Alijua mafuta yamepungua, maana lori la kuleta mengine lilikuwa limekwama kwenye tope. Lakini chini ya mpira ule hapakuwa na hata kokoto. Walipofika hapa Sale, palikuwa na mahali pamoja tu tambarare, na juu yake rundo la mawe. Mpira na mawe havipatani. Philbert, dereva, mume wa Angela, dada yake Remigius, aliyavurumisha yote korongoni huku akiimba.

"Afande."

Alikuwa Nanyori, mama wa boma la jirani, na punda wake. Aliinama akaweka jiwe juu ya tuta.

"Mama, usiweke hapo. Litatoboa."

"Mawe yetu mlipeleka wapi?"

Remigius akateremsha sauti. "Kwani hapa ni kaburini?"

"Kuna mtu. Sijasema amekufa." Hakuondoa macho kwenye nundu. "Sisi tukipita tunaongeza jiwe. Si la heshima, afande. La uzito."

Punda akaanza kurudi nyuma.

"Sasa mafuta yenu ndiyo yamemlalia. Msiyamalize. Na yule aliyetoa mawe, akiitwa, asiitike."

Akaondoka bila kuaga. Remigius akageuka kumtafuta Philbert kwa macho. Angela alikuwa mjamzito, na siku ya kuagana pale Endabash alimshika mkono akamwambia, kaka, nirudishie mume wangu. Remigius alimpenda kijana yule kama mdogo wake wa tumbo moja.

Ndipo pampu ikanguruma upande wa pili wa tuta.

Alikimbia. Philbert alikuwa ameshika bomba, anajaza gari la mwisho.

"Zima!"

"Amri ya meja, shemeji. Kesho tunahama, yote yaingie kwenye magari."

"Zima nakwambia!"

"Si yameshaisha? Tulia basi."

Mpira ukaanza kunywea. Pembe zikalala. Kando zikalala. Katikati ikabaki... ikapanda. Harufu ya dizeli ikapotea, ikaja ya shimo lililochimbwa sasa hivi. Remigius hakufikiri. Alijitupa juu ya ile nundu kwa mwili wake wote, mikono imetanuliwa, akiomba Mungu uzito wake utoshe.

Chini ya tumbo lake kitu kikavuta pumzi. Ndefu.

"Shemeji, una nini?" Philbert alicheka.

"Philbert!"

Ilikuwa sauti ya Remigius. Ile ile ya gwarideni.

Lakini mdomo wake ulikuwa umefumba.

Alitaka kupiga kelele, usiitike! Akachelewa. Na askari akiitwa na mkubwa wake hasubiri kuwaza. Mwili unaitika wenyewe.

"Naam, afande!"

Nundu ikazama.

Asubuhi walilikunja tanki. Chini palikuwa na udongo tu, sawasawa, bila shimo wala ufa. Remigius aliukanyagakanyaga, akajiambia ni uchovu, ni mvuke wa mafuta. Philbert mwenyewe si huyu hapa, mzima, amekunywa uji? Ila tanki lile hubebwa na watu sita, watatu kila upande, na yeye upande wake aliubeba peke yake, wala hakutoka jasho.

Wengine walipokwisha kwenda, Remigius alimwita. Polepole. Alitaka tu amwone akigeuka, atulie moyo, apate la kumwambia Angela.

"Philbert."

Yule mtu hakugeuka. Aliendelea kutembea kuelekea garini.

Sauti ikatoka chini ya buti za Remigius, hafifu, kama ya mtu aliyejaa udongo mdomoni.

"Naam... afande."