Asumini ya Chupani

Matar alikanyaga sinia la maua la Ummkulthum, muuza asumini pale Darajani, siku za mwisho za Ramadhani, soko limefurika watu. Asumini zikapondeka, na vikuba, vile vishada vya maua alivyokuwa binti huyo akivifunga tangu asubuhi, vikageuka uji. Ummkulthum, baibui jeusi na mtandio wa zambarau, hakupandisha sauti.

"Hivyo ushavinunua, kaka. Mpelekee mkeo."

"Sina mke."

"Basi mama yako."

"Mama yuko Nungwi. Nshauri mwengine wa kumpa."

"Nenda zako, usinchekeshe. Nimefunga."

Hakwenda. Baada ya Sikukuu wakawa wanapigiana simu kila alasiri, hata posa ikapelekwa nyumbani kwao binti, Michenzani. Jibu lingetoka Ijumaa.

Jumatano Matar akaja sokoni kumtazama, shati jeupe limepigwa pasi. Shati linanukia asumini. Na siku hiyo mvua ilikuwa imepukutisha maua yote, Ummkulthum mwenyewe hana hata moja. Sasa Unguja mwanamme hanukii asumini hivi hivi. Asumini ni ya nywele za mwanamke na ya mto wa kulalia.

"Umetoka wapi?"

"Kazini."

Matar ni mkemia katika kiwanda kidogo cha sabuni. Alijibu huku akiangalia viatu vyake, na hapo ndipo alipojiharibia. Ummkulthum akaondoka bila kuaga.

Jioni Matar akapiga simu. "Kipenzi, mbona umeondoka vile?"

"Kamuulize huyo mwenye asumini zake. Ijumaa baba atajibu hapana."

Ummkulthum akakata, akalia mpaka mama'ke akadhani kuna msiba.

Kesho yake Matar akaweka chupa ndogo juu ya sinia, mbele ya watu.

"Nusa."

Akanusa. Asumini tupu.

"Huyo ndiye mwanamke wangu. Anaitwa ketoesta."

"Ndo nini?"

"Ni ukoo wa kemikali. Kila moja ina mikono miwili ya kushikia, kwa hivyo tunaungia vitu vingi: dawa za hospitali, rangi za kuta, gundi. Hii moja inanukia asumini. Naipika mwenyewe, ya kutia kwenye sabuni."

"Ungenambia tu."

"Sabuni ikitoka, nani atanunua maua yako? Niliogopa, Ummu."

Ummkulthum akairudisha chupa juu ya sinia. Mwanamke mwenzake angemweza. Chupa hii haina msimu, wala haiogopi mvua.

"Afadhali angekuwa mwanamke," alisema. "Ungenambia, ningekasirika yakesha. Umenificha, nimeumia."

"Niache kazi?"

"Ukiacha, watampikisha mwengine. Halafu niwe na mume hana kazi, na maua hayanunuliwi? Hebu tumia akili."

"Basi kesho baba atajibu nini?"

"Atajibu nitakalomwambia. Na sijamwambia kitu."

Usingizi haukumjia Matar. Ijumaa baada ya sala ami yake, mzee Jecha, akenda kusikiliza jibu, simu iko wazi mfukoni ili kijana asikie huko kiwandani.

"Binti amekubali," alisema baba yake Ummkulthum. "Lakini mahari hataki fedha wala kitanda. Anataka afundishwe kuipika hiyo harufu, mwanzo mpaka mwisho."

"Mahari hayo?" Jecha akauliza.

"Ndiyo mahari yake. Kasema, kama ni kuuza asumini ya chupani, basi auze yeye."

Matar alilia mbele ya mapipa ya sabuni, wenzake wanamtazama.