Mfiwa wa Chumba cha Mvuke

Kioo cha bafuni kilikuwa kimeshika ukungu, na hakuna aliyekuwa ameoga.

Matroni alikiona alipoingia kunawa mikono. Akakifuta kwa kiganja, akageuka kuchukua taulo, na alipogeuka tena ukungu ulikuwa umerudi, mzito, kama wa pumzi ya mtu aliyekisogelea mno. Akagusa bomba la maji baridi. Baridi. Akagusa la maji moto. Nalo baridi.

"Hoteli za zamani," alijisemea, akatoka.

Aliitwa Matroni kwa sababu alilea bweni la wasichana mpaka alipostaafu, na ingawa yeye aliliacha bweni, bweni halikumwacha. Kabla ya kuvua viatu alikuwa ameshafunua vitanda vyote viwili, amenusa mito, ameinama kutazama uvunguni na kupitisha kidole juu ya kabati. Kidole kilitoka safi. Hapo ndipo alipotabasamu.

"Pazuri," alimwambia binti wa marehemu kaka yake, ambaye alimlea tangu anatambaa. "Leo umenipatia."

Binti huyo alikuwa msusi, na kwa jinsi alivyokuwa haishiwi maneno, shangazi yake alimwita Kasuku. Yeye ndiye aliyeichagua hoteli. Ilikuwa ya ghorofa nne, ya siku nyingi, yenye lifti ya mlango wa chuma wa kuvuta kwa mkono. Bei yake ilikuwa ya watu wa kawaida lakini mambo hayakupungua: bwawa la kuogelea, kifungua kinywa cha kujipakulia, maji moto siku nzima, na huko chini nyuma ya bwawa, chumba cha mvuke. Hicho hasa ndicho kilichowaleta. Magoti ya Matroni yalikuwa yamechoka na ngazi za bweni, na Kasuku alikuwa ameapa kwamba mvuke utayalainisha.

Meneja aliwapokea mwenyewe. Alikuwa nadhifu, viatu vinang'aa, maneno laini, mikono mirefu ya shati imefungwa vifungo hata kwenye joto lile. Matroni alipomuuliza chumba cha mvuke kiko wapi, tabasamu lake lilisita.

"Mhudumu atawaonyesha, mama. Mimi kule chini sishuki."

Walishuka alasiri. Watoto walikuwa wakirushiana maji bwawani, na baba mmoja mnene alikuwa amelala kwenye kiti cha plastiki, gazeti usoni. Nyuma ya bwawa kulikuwa na ujia mfupi wa vigae vyeupe, na mwisho wake mlango wa mbao nzito.

"Ngoja nitangulie, shangazi," Kasuku alisema. "Nipime joto. Isije ikawa nimekuleta kulainisha magoti nikakurudisha umeiva mzima."

"Hebu ingia na mdomo wako huo," Matroni alicheka, akaketi kwenye benchi kufungua viatu.

Alimsikia Kasuku akiongea kule ndani. Hilo halikumshangaza, Kasuku angeweza kupiga soga na ndoo. Kilichomfanya ainue kichwa ni kwamba Kasuku alikuwa akinyamaza katikati, kama mtu anayesikiliza jibu, halafu anaendelea. Akasema "pole". Akanyamaza. Akasema "pole sana, jamani." Kisha hakikusikika kitu.

Mlango ukafunguka. Kasuku alitoka na taulo lake, ngozi kavu, nywele kavu, macho mekundu. Nyuma yake ilimfuata harufu ya jiwe lililokaa motoni likamwagiwa maji.

"Ulikuwa unaongea na nani?"

"Mfiwa," Kasuku alisema, na hakuongeza neno.

Jioni ile Matroni alianza kuogopa. Msusi ambaye hamalizi kichwa cha mteja bila kumaliza na habari za mtaa mzima alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda akiutazama ukuta. Ukimuuliza kitu, hajibu. Matroni alimgusa paji la uso, akauondoa mkono haraka. Akammiminia maji kwenye glasi, na Kasuku akaipokea, akaishika kwa mikono miwili kama mtoto, na kabla haijafika midomoni maji yakaanza kutetemeka, yakatoa vipovu vidogo pembeni, yakachemka mle mle viganjani mwake, huku yeye akiyatazama bila kupepesa macho na bila kulalamika, mpaka glasi ikapasuka.

Daktari aliitwa. Akasema homa, akachoma sindano, akaacha vidonge. Alipokuwa akishuka ngazi Matroni alimwona akikitazama kiganja chake alichompimia mgonjwa, akikipuliza.

Kulipokucha Matroni alifunga mizigo. "Twende nyumbani, mwanangu. Mvuke basi."

Kasuku alifuata bila ubishi. Lakini mguu wake ulipovuka kizingiti cha mlango wa mbele, alipiga ukelele uliowafanya wageni waache kahawa zao. Mikononi mwake yalikuwa yameumuka mabaka mekundu ya miraba, sawasawa na mtu aliyeegemea vigae vya moto. Matroni akamrudisha ndani, mabaka yakanywea. Akajaribu mlango wa nyuma, wa jikoni. Ikawa vile vile, ila safari hii mabaka yalipanda mpaka shingoni.

Uani, mwanamke mmoja alikuwa akianika mashuka. Alikuwa dobi wa hoteli. Aliyaona yote, akaliweka chini beseni lake, akasogea.

"Huyu ameingia kule kwenye mvuke?" alinong'ona.

"Ameingia. Kuna nini kule?"

Dobi alitazama madirisha ya juu kwanza. "Tulikuwa na mwenzetu, dada. Mkandaji, ndiye aliyekihudumia kile chumba. Mcheshi kweli. Alikuwa na jini wake tangu utotoni, na wala hakutuficha. Utamkuta yuko peke yake anakunja taulo, anacheka, ukimuuliza anasema ametaniwa. Siku moja wakamkuta amekufa mle ndani. Tukaambiwa komeo lilikuwa bovu, alishindwa kutoka. Meneja akabadilisha mlango, akapaka rangi, kazi ikaendelea."

"Na wewe uliamini?"

"Mimi nafua, dada. Naamini ninachoambiwa niamini." Akaokota beseni, akaliweka tena. "Ila tangu siku ile meneja hashuki kule. Na mashati yake nayafua mimi. Yana doa la mafuta hapa," akagusa mkono wake juu ya kiwiko, "kama mtu aliyefunga kitu asichokivua."

Matroni alimrudisha Kasuku chumbani, akamlaza, akavuta mapazia kwa sababu mwanga ulikuwa ukimuumiza. Adhuhuri ilikuwa imetulia. Alikuwa akimpepea kwa upindo wa mtandio wake aliposikia anaitwa.

"Matroni."

Midomo ilikuwa ya Kasuku. Sauti haikuwa yake, wala haikuwa ya mwanamume wala ya mwanamke; ilitoka chini sana, imechoka.

Matroni aliacha kupepea. "Nani wewe?"

"Nimeshamwambia mtoto. Mfiwa."

"Mtoke mwanangu."

"Sina ugomvi naye. Wengi wameingia mle wakasugua miguu, wakatoka. Yeye ndiye wa kwanza kusikia kwamba nalia, na ndiye wa kwanza kuniambia pole." Pazia lilitikisika, na dirisha lilikuwa limefungwa. "Siku ile nilikuwa mbali, kwa ndugu zangu. Mkandaji wangu aliniita kwa jina ambalo yeye peke yake alilijua. Akaniita tena, na tena, na mimi nikadhani ananitania kama kawaida yake, nikaaga polepole, nikaja polepole, na nilipofika mlango ulikuwa umekomewa kwa nje, na mle ndani hapakuwa na wa kuniita. Meneja alimtaka, yeye akamkataa. Akamfungia. Akasema wacha aive kidogo atalainika, akapanda juu kunywa chai na wageni."

Matroni akauliza, "Mbona hukumchukua mwenyewe?"

"Amefunga hirizi. Mkono wangu haumfiki. Wako unamfika."

"Na nikikataa?"

Hapo Kasuku alianza kulia, na kilio kilikuwa chake mwenyewe, kile kile cha utotoni. "Shangazi," alisema. "Shangazi, naungua."

Matroni alisimama. Lakini miaka yote ya bweni hakuwahi kumwadhibu mtu kwa maneno ya upande mmoja, na hakutaka kuanza na jini. Alishuka mpaka mapokezi, akasimama mbele ya meneja, akasema kwa sauti ya gwaride:

"Mwanangu ameunguzwa kwenye chumba chako cha mvuke. Utakuja ukione, au niwaeleze hawa wote waliokaa hapa?"

Wageni waligeuka. Meneja alitabasamu huku na huku, akamshika kiwiko. "Taratibu, mama. Twende, twende tuongee."

Meneja alimfuata wakipita kando ya bwawa, jua linawaka, watoto wanapiga kelele. Kwenye ujia alisimama. Hakutaka kusonga tena.

"Mlango wa zamani uliharibika nini?" Matroni aliuliza.

"Komeo, mama. Lilikwama. Bahati mbaya kabisa."

"Komeo gani?"

"La nje halikuwa na tatizo, kama ndicho ulichosikia. Watu wanapenda kuzusha."

"Sijataja la nje."

Jasho lilikuwa limemtoka meneja juu ya mdomo. Alipozungumza tena sauti ilikuwa ya chini, ya kubembeleza, na ndani yake kulikuwa na hasira. "Sikiliza, mama. Wewe mtu mzima. Yule alikuwa mkandaji tu, na dharau zake. Nilitaka ashike adabu, basi. Nikapata wageni, nikapitiwa. Binadamu anasahau. Sasa ndiyo nifanyweje, na mimi nife?"

Matroni alikuwa ameshuka ngazi akiwa na nia ya kumwombea. Alikuwa ameshapanga maneno: akiri, aende kwa ndugu wa marehemu, apige magoti. Lile neno "tu" likayafuta yote.

Akamkamata mkono wa shati. Meneja alijaribu kujinasua, lakini vidole vile vilikuwa vimewashusha wasichana kutoka juu ya ukuta wa bweni kwa masikio yao, vikapasua kitambaa, vikaingia, vikaikuta kamba ngumu ya ngozi yenye mafuta, vikavuta mara moja, na kamba ilipokatika kelele za watoto bwawani zikazimika kana kwamba mtu ameziba masikio ya dunia, vigae vya ujia vikatoka jasho kuanzia chini kwenda juu, mlango mzito ukafunguka wenyewe bila haraka, na ukungu mweupe ukatambaa sakafuni mpaka ukafika kwenye vile viatu vinavyong'aa, ukavizunguka, ukapanda, na meneja akamtazama Matroni kwa macho ya mtu anayetaka kuomba kitu, akafungua mdomo, ukungu ukaingia, naye akaburutwa akiwa wima, visigino vikikwaruza, mpaka mlango ukafunga nyuma yake na komeo la nje likajisukuma, taratibu, hadi mwisho.

Kisha akaanza kubisha.

Watu walikuja. Mlinzi alileta nondo, wakaumiza nayo mikono yao, mlango haukutingishika. Fundi wa mtambo alisimama pale akirudia neno moja kama mwehu: mtambo umezimwa tangu asubuhi, ni siku ya usafi, umezimwa, uko baridi, njooni mshike. Kule ndani meneja aliita kila mtu aliyemjua kwa jina. Alimwita mama yake. Mwisho alimwita mkandaji, akamwomba msamaha, akarudia, na sauti ikawa inapungua.

Mlango ulifunguka wenyewe kubisha kulipokoma. Alikuwa ameketi kwenye benchi la vigae, nguo kavu, viatu bado vinang'aa. Mwili uliokuwa ndani ya nguo hizo, waliouona hawakupenda kuulizwa habari zake.

Matroni aliitupa hirizi mtaroni, akapanda ngazi kwa magoti ambayo kwa mara ya kwanza baada ya miaka hayakumuuma. Alimkuta Kasuku amekaa kitandani, ngozi safi, anatafuna mkate.

"Shangazi! Umeniacha nilale mpaka saa hizi? Nimeota ndoto mbaya hiyo, hebu kaa nikusimulie."

Na akasimulia, bila kuvuta pumzi, na Matroni akamkumbatia, akaficha uso wake shingoni mwake. Polisi waliuliza maswali, wakajibiwa, wakaandika kwamba mlango ulikuwa mbovu. Matroni na Kasuku wakatoka kwa mlango wa mbele na mizigo yao, mguu wa Kasuku ukavuka kizingiti, na hakuna kilichotokea.

Maisha yalirudi. Siku moja Matroni alikuwa kwenye foleni ya dawa, kijana wa dirishani akamfokea mbele za watu, akamrushia karatasi yake. Damu ilimpanda. Akasikia, karibu kabisa na sikio lake, sauti ya chini, yenye adabu, ya anayejua shukrani.

"Huyu naye?"

"Hapana!" Matroni alisema kwa nguvu. Foleni nzima ikamtazama. "Hapana. Msamehe."

Tangu siku hiyo alibadilika. Jirani akimwaga maji machafu mlangoni pake, anasema si kitu. Konda akimpita kituoni, anacheka. Mtaa ukamsifu: uzee umemlainisha Matroni, sasa ana subira ya ajabu. Yeye alikuwa akiharakisha tu, kila mara, kusamehe kabla hajaulizwa. Akichelewa kidogo aliulizwa, na kila mara alijibu hapana, na kila mara ile sauti ilinyamaza, ikasubiri.

Kasuku aliposwa, akaolewa, akahamia kwa mumewe. Kijana mpole, mwenye heshima, anayemwita Matroni mama.

Jumapili moja Kasuku alikuja kumsalimia shangazi yake, mtandio umemfunika nusu ya uso, na hakuwa na la kusema. Matroni alimsogelea, akauondoa mtandio kwa kidole. Jicho lilikuwa limefumba kwa uvimbe, na kwenye shavu vilikuwa vimebaki vidole, kimoja kimoja.

"Nilimkera mwenyewe, shangazi," Kasuku alisema. "Si kitu."

"Huyu naye?" sauti iliuliza.

Matroni alilitazama lile shavu. Alilitazama kwa muda mrefu, na hakusema hapana.