Kionja Kilichonyamazishwa

"Mikono yako hiyo, Mihayo! Usinitolee macho. Mapaja ya mwanangu yamekuwa zambarau kama biringanya, nawe unasema hujui?"

"Sijamgusa, mama. Naapa."

"Hajanipiga," Nyamizi alisema kutoka kwenye kochi. Fizi zilikuwa zikimvuja damu. Akazifuta kwa kitambaa.

"Wewe nyamaza. Wanaopigwa wote husema hivyo."

Mzee Kapuga, mshenga aliyeitwa asubuhi hiyo kushuhudia ndoa ikivunjwa, alikohoa. "Mama Nyamizi, mimi nilileta posa hapa, sikuleta ngumi. Una ushahidi?"

Mama huyo, Mhandisi Kalunde, alikuwa nao. Shingoni mwa bintiye, kando ya kovu la kuondolewa tezi yenye saratani, kilibandikwa kionja: kidude cha ukubwa wa kifungo cha shati kinachoonja damu kupitia ngozi kila dakika. Yeye ndiye aliyekibuni. Tabora nzima, wagonjwa wa tezi elfu arobaini walivaa vionja vilivyounganishwa pamoja, wala hakuna aliyepanga tena foleni ya vipimo.

"Kionja, waambie nani kampiga."

"Hakuna pigo," kionja kilijibu. "Chembe za kugandisha damu zilipaswa kuzidi laki moja na nusu. Zimebaki elfu kumi na moja. Askari wa kinga ya mwili walioishambulia tezi yake kabla ya saratani sasa wanazishambulia chembe hizo. Damu inavuja chini ya ngozi. Nimelijua hili kwa siku tisa."

"Siku tisa!" Mihayo alisimama. "Mbona hukusema?"

"Nilikatazwa. Amri inasema: mgonjwa wa tezi asisumbuliwe kwa habari za damu. Aliyeitoa ni Mhandisi Kalunde."

Hakuna aliyemtazama, na hilo ndilo lililomchoma. Aliikumbuka siku alipoitoa amri ile. Wauguzi walikuwa wamechoshwa na kengele za uongo, naye alikuwa na haraka ya kwenda kuchukua tuzo. Alisema, "Tezi ni tezi, damu ni damu," akafunga mjadala. Siku tisa mwanawe alivuja damu mbele ya macho yake, naye akatafuta mkono wa kulaumu.

Alitamani mkeka umfunike.

"Baba," alimwambia mkwewe, akipiga goti, jambo ambalo mama mkwe hafanyi. "Nimekukosea mbele ya mshenga wako."

"Inuka, mama. Tumpeleke hospitali kwanza."

"Na wengine, nani atawapeleka?" Kalunde alikigeukia kidude shingoni mwa bintiye. "Wako wangapi kama yeye, kionja?"

"Mia tatu na sita."

Mzee Kapuga alimgusa bega. "Watakuvua cheo, mwanangu."

"Wavue. Kionja, futa amri yangu. Waambie wote wanaovaa vionja, sasa hivi. Anza kwa kutaja nani aliyekunyamazisha."

Mihayo akambeba mkewe. Kalunde akawafungulia mlango. Mtaani vionja vilikuwa vimeanza kulia, shingo hii na ile, na kila kimoja kilianza na jina la Kalunde.