Sijawahi Kumwona Mama Huyu

Wasomaji wenzangu, nina miaka themanini na sita, na bado nasikia swali nililoulizwa nikiwa na miaka ishirini na mitano.

"Kuna mtu unayemjua kwenye barabara hii? Kama yupo sema sasa, nitume karani mwingine."

Aliyeuliza alikuwa katibu wa bodi ya usafiri, ofisini Nakuru, mwishoni mwa miaka ya hamsini. Mbele yake palikuwa na faili. Juu ya faili paliandikwa jina la mtu niliyemchukia kuliko binadamu yeyote, na barabara iliyotajwa chini ya jina hilo ilipita mbele ya boma la mama yangu.

Nikajibu, "Hapana, bwana. Huko simjui mtu."

Laiti ningesema tu, "Ndiyo, huko ni kwetu"! Angetumwa karani mwingine, nami ningerudi kwenye kiti changu nikamalize chai yangu... Lakini nilitaka kwenda. Nilitaka sana!

Niwaeleze kwanza kazi yetu, la sivyo hamtaona ubaya wangu ulikaa wapi.

Wakati ule hukuweza kununua basi ukaliweka barabarani hivi hivi. Ulipeleka ombi kwa bodi. Bodi ilikuwa na watu watano: mwenyekiti aliyekuwa mlowezi mwenye shamba, Wazungu wengine wawili, mfanyabiashara mmoja wa Kihindi, na chifu mmoja ambaye sikuwahi kumsikia akipinga neno. Ombi lako lilibandikwa ukutani ili mwenye pingamizi aseme. Kampuni kubwa ya mabasi iliyoshika karibu njia zote za mkoa ilipinga kila ombi, bila kukosa. Ndipo bodi ilipotaka kujua jambo moja: je, barabara hiyo ina abiria wa kutosha?

Ili kulijua hilo, walimtuma karani. Karani alikaa kando ya barabara siku saba, kutoka saa kumi na mbili asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, akiwa na fomu na penseli. Kila mtu aliyepita na mzigo, au aliyesimama kungoja lori limchukue, alipigiwa mstari. Mstari mmoja, mtu mmoja. Wakubwa wale hawakuijua barabara yenyewe. Waliijua karatasi ya karani tu.

Na karani nilikuwa mimi.

Sasa, huyo mtu. Aliitwa Chumo. Tulikuwa jandoni pamoja, kibanda kimoja, moto mmoja. Kwetu, mtu mliyetoka naye jandoni ni ndugu, na mama yake ni mama yako. Mimi nilirudi shuleni nikamaliza sekondari. Yeye akajifunza udereva, akawa anaendesha lori la mwenye duka pale Molo.

Nilipoposa, Chumo aliniahidi lori. Angewachukua bibi harusi na watu wake kutoka kwao, awapeleke kanisani. Sikumwomba, alijitolea mwenyewe! Nikawaambia wakwe, kila kitu kiko tayari, ndugu yangu analeta gari.

Siku ilipofika, mvua ya milima ya Mau ilikuwa inanyesha. Tulisimama barabarani tangu asubuhi, bibi harusi akiwa na gauni jeupe la kuazima, wajomba zake wamevaa makoti. Saa sita ikapita. Saa nane... Kisha tukasikia lori. Wanawake wakaanza kuimba!

Lori lilikuja limejaa magunia ya pareto hadi juu. Halikupunguza hata mwendo. Chumo alipiga honi, akapunga mkono, akapita. Matope yakaruka mpaka kwenye lile gauni.

Mjomba mkubwa wa bibi harusi alijifuta uso. "Kijana," akaniambia, "kama ndugu yako anakupita hivi, sisi tukupe binti yetu kwa msingi gani?" Wakageuka, wakaondoka naye. Harusi haikufanyika tena. Mwaka uliofuata aliolewa Kericho.

Honi ile niliibeba kichwani miaka minne. Nilikula nayo, nililala nayo. Mnajua chuki ya namna hiyo, enyi mliowahi kuaibishwa mbele ya watu? Inakuwa kama kitu chako mwenyewe. Unaipenda!

Kisha faili lile likafika mezani. Chumo alikuwa ameuza ng'ombe kumi na mmoja, wake na wa baba yake, akanunua basi kuukuu. Aliomba njia ya kutoka upande wetu wa Olenguruone hadi stesheni ya Molo. Kila kitu alichokuwa nacho kilikuwa ndani ya faili lile. Mungu amenikabidhi, nilijiambia. Wasomaji, nilimtaja Mungu!

Nikaenda. Nikaketi juu ya jiwe, kwenye njia panda, si mbali na boma letu.

Siku ya kwanza mama yangu alitokea na gunia la viazi mgongoni, kamba imemkaza kipajini, na kibuyu cha mursik mkononi. Alikuwa na furaha kiasi kwamba alicheka peke yake.

"Kiprono! Serikali imekutuma uje umhesabu mama yako?"

"Nimetumwa kuhesabu kila mtu, mama."

"Basi kunywa kwanza. Mtu mwenye njaa anaruka watu."

Nikanywa. Maziwa yale ya kugandishwa, yenye majivu ya mti, hakuna aliyeyatengeneza kama yeye. Akainama kutazama fomu. Hakujua kusoma.

"Umeniandika?"

"Nimekuandika."

"Mimi ni upi hapo?"

Nikamwonyesha mstari wake. Akauangalia kwa muda, kama mtu anayeangalia picha yake. "Mbona mwembamba hivyo," akasema, "na mimi nimebeba gunia?" Akacheka tena, akashika njia ya Molo. Ilikuwa safari ya kutwa nzima, kwenda na kurudi, na aliifanya mara tatu kwa wiki. Goti lake la kushoto lilikuwa limeanza kuvimba.

Siku saba hizo aliniletea maziwa kila asubuhi.

Siku ya tatu alikuja Chumo mwenyewe. Alipoona ni mimi niliyekaa pale, alipiga kofi pajani kwa furaha.

"Ni wewe! Mimi nilikuwa siwezi kulala, nikifikiri wameleta mtu wa kununuliwa na kampuni. Kumbe ni ndugu yangu!"

"Ni mimi," nikasema.

Alikaa chini kwenye nyasi. Akang'oa majani. "Ile siku ya harusi... bado unaiweka moyoni? Tajiri mwenye lori alikuwa ameketi kando yangu, bwana. Aliniambia nikisimama nishuke nisipande tena. Niliogopa. Nikapiga honi ndiyo ujue nimekuona."

"Hayo yalipita," nikamwambia, na nikatabasamu.

Alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Moyoni nilikuwa nikisema: ngoja tu, Chumo. Wewe ulinipita na honi, mimi nitakupita kimya kimya. Hukuniomba hata msamaha kwa miaka minne, unaniomba leo kwa sababu nina penseli!

Siku ya soko walipita watu mia moja arobaini na watatu. Niliwapigia mistari wote, maana walinizunguka wakitazama. Wazee walikuja kuhakikisha wameandikwa. Mwanamke mmoja mja mzito aliniuliza kama ahesabiwe wawili, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Jumatatu nikashuka Molo kungoja treni. Nikaketi kwenye benchi la stesheni, nikatoa fomu mpya, safi. Siku ya soko nikaandika kumi na sita. Siku nyingine nikaandika wanne, watatu, sita. Nilikuwa nafurahi, kwa nini niwadanganye? Fomu ya kweli niliirarua vipande, nikaitupa nje ya dirisha la treni kati ya Elburgon na Njoro. Na mstari mwembamba wa mama yangu ulikuwa humo...

Bodi ilikaa kusikiliza ombi baada ya wiki tatu. Ukumbi ulikuwa umejaa. Wakili wa kampuni alisimama na kusema barabara hiyo haina abiria, karatasi ya karani wa bodi yenyewe inathibitisha. Mwenyekiti akasoma hesabu yangu kwa sauti. Nilimtazama Chumo usoni ili nisikose kitu. Rangi ilimtoka. Aligeuka akanitafuta, akaniona, akaelewa. Raha niliyoisikia dakika ile! Hiyo ndiyo honi yangu, nikamwambia kwa macho.

Lakini mwombaji alikuwa na haki ya kuleta mashahidi, watu wa barabara yenyewe. Chumo alikuwa na shahidi mmoja. Mlango ukafunguliwa.

Akaingia mama yangu.

Chumo hakuniambia. Kwa nini aniambie? Alidhani sote tuko upande mmoja! Alikuwa amemleta mama Nakuru kwa treni, mara ya kwanza ya mama kuipanda, naye mama amevaa kitambaa cha Jumapili kichwani na kibuyu kimefungwa ubavuni. Mama aliponiona kwenye meza ya wakubwa, uso wake ulijaa mwanga.

Mkalimani alikuwa mtu wa Kericho asiyemjua mama wala mimi. Mama akaeleza vizuri, bila woga: jinsi anavyotembea na wenzake mara tatu kwa wiki, viazi vinavyooza nyumbani mvua ikizidi, goti lake. Kisha akasema, "Na karani wenu ameniona. Siku saba alikunywa maziwa yangu. Alinionyesha mstari wangu kwenye karatasi."

Mwenyekiti alitazama karatasi, akanitazama mimi. "Mama huyu anasema alipita mara tatu, na wenzake wengi. Hesabu yako inasema vingine. Mmoja wenu anakosea. Ulimwona? Ulikunywa maziwa yake?"

Wasomaji... Nikisema ndiyo, karatasi ni ya uongo. Na ikijulikana kwamba ni mama yangu, watauliza kwa nini nilisema simjui mtu. Ningefutwa kazi, labda na jela juu yake.

"Hapana, bwana," nikasema. "Sijawahi kumwona mama huyu."

Mkalimani akageuza maneno yangu kwa lugha yetu, ingawa hakukuwa na haja. Mama alikuwa ameshaelewa usoni mwangu.

Chumo aliruka kutoka kitini. "Mwongo! Huyo ni..."

"Kaa chini, Chumo," mama akamwambia kwa lugha yetu, wala hakupaza sauti. "Kama mimi ni mama yako pia, kaa."

Chumo akakaa. Nilimwona akiuma mkono wake mwenyewe.

Mama akamgeukia mkalimani. "Mwambie mzee nimekosea. Macho yangu ni ya uzee. Kijana niliyempa maziwa si huyu."

Hakuniangalia. Alijifunga upya kibuyu chake, akatoka nje akichechemea.

Ombi lilikataliwa kabla ya chakula cha mchana. Katibu alinisifu kwa kazi safi.

Basi la Chumo liliegeshwa kando ya boma lake. Nilipopita huko miezi michache baadaye, kuku walikuwa wanataga kwenye viti. Nilisimama nikalitazama, nikingoja ile raha irudi. Haikurudi. Baadaye aliliuza kama vyuma, akaenda kuendesha trekta kwenye shamba upande wa Longonot. Alipata alichostahili? Kulipia siku moja ya harusi, ndiyo, labda. Kupoteza ng'ombe kumi na mmoja, wake na wa baba yake, hapana. Na wale watu mia na arobaini na watatu walinikosea nini?

Nilienda nyumbani na sukari, majani ya chai na shuka nzuri. Mama alinipokea mlangoni.

"Karibu, karani."

Alinipa kiti cha wageni. Akaniletea chai ya rangi. Ng'ombe watatu walikuwa wanakamuliwa pale nje, nikisikia maziwa yakiingia kwenye kibuyu, naye akaniletea chai ya rangi! Nikapiga magoti. Nikamwomba, nikalia kama mtoto. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Na huko Nakuru, mvua imenyesha?"

Nilirudi mara nyingi. Kila mara, karibu karani. Kila mara, chai ya rangi.

Baada ya uhuru basi lilikuja kwenye barabara ile, la mtu mwingine. Nilimtumia mama nauli ya mwezi mzima. Ikarudishwa na jirani, pamoja na maneno haya: "Mwambieni karani kwamba mimi sikuonekana barabarani. Basi litambebaje mtu asiyeonekana?" Aliendelea kutembea kwa goti lile, akipitwa na basi, hadi alipolala kitandani asiamke tena.

Ndugu zangu mnaosoma, siku moja mtapewa kalamu, au ufunguo, au mhuri, na jina la adui yenu litakuwa chini yake. Mtasikia utamu mdomoni. Nawasihi, semeni palepale, "Huyu namjua, mpeni mwingine kazi hii." Hamwezi kumlenga mtu mmoja kwa karatasi ya watu wengi. Mimi nilidhani naweza.

Sikufutwa kazi. Nilistaafu kwa heshima, na bodi ikanipa saa ya mkononi. Lakini kwa lile "simjui mtu," nilimpoteza mama yangu. Aliishi miaka kumi na tisa baada ya siku ile, na hakuniita tena Kiprono.